Tundu Katika Tanki Lililokamilika

Karakana, Kizota
Jumamosi alasiri

Mwanangu Lea,

Habari za sweta, dawa na namba za kupiga ukishafika, shangazi yako ameshazisema mpaka zimekuchosha. Nilikuwa uani, nilisikia zote. Sina la kuongeza hapo. Una miaka ishirini na sita na unajua kufunga begi kuliko mimi, ambaye sijawahi kwenda mbali kupita Morogoro.

Barua hii ni ya jambo moja. Jumamosi iliyopita, mbele ya mafundi wangu wote, nilikuambia, "Ukitoka hapa usirudi kunifundisha kazi yangu." Tangu siku ile unaniamkia shikamoo, naitika marahaba, yanaishia hapo. Kesho asubuhi unapanda treni, kisha ndege, kisha miaka minne. Sitaki uende na sentensi ile. Nimejaribu mara mbili kukuambia kwa mdomo, jikoni, na mara zote mbili nimejikuta nakuuliza kama umetia chumvi. Kwa hiyo nimewaruhusu mafundi mapema, nimefunga geti upepo usiniletee vumbi lote la Kizota kwenye karatasi, naandika. Nitakupa jioni baada ya chakula. Usiisome mbele yangu.

Kwanza ujue hasira ile ilikotoka, maana haikuanza na wewe.

Nilifika huku nikiuza chai na maandazi. Baba yako alikuwa ameshafuata samaki Mtera, akapata huko nyumba nyingine ya kulala, nami nikabaki na wewe mgongoni na birika mkononi. Nilikaa mbele ya karakana ya Baba Joshua, fundi aliyesifika kwa matanki ya stenlesi ya kuwekea mchuzi wa zabibu, ule wa kutengenezea mvinyo. Siku moja msaidizi wake hakuja. Akaniita, "Mama chai, hebu shika hapa kidogo."

Kidogo ile ilikwenda miaka mitano. Nilishika mabati asiungue yeye. Nilishika mwisho wa futi kamba. Zaidi ya yote nilishika taa, nimejikunja ndani ya tanki, ili yeye aone anachochomelea. Kuchomelea kwenyewe nilijifunza kwa macho, na kwa vipande vilivyotupwa, wakati wenzangu wanakula. Mahesabu nilikuwa nayo tayari. Yeye akinisomea kipenyo na kimo, mimi namtajia lita kabla hajatoa simu mfukoni.

Matanki yake yalikuwa na kitako bapa. Mashapo ya zabibu yalikuwa yakigandia chini, watu wanaingiza fagio kukwangua. Ni mimi niliyesema kitako tukifanye kama faneli, mashapo yateremke yenyewe. Nilikata mfano kwa boksi la maandazi nikamwonyesha. Akaugeuzageuza, akasema, "Mama Lea, una akili wewe." Wiki ileile tanki la kwanza lenye kitako cha faneli likatoka, na kibati kimebandikwa ubavuni: jina lake, namba yake. Wateja wakaja kumsifu, nami nimesimama pale nimeshika taa. Hakuna aliyeuliza. Yeye hakusema.

Sijamsamehe, Lea. Sitakudanganya kwamba nimesamehe kwa kuwa leo ni siku ya kuandika maneno mazuri. Nilipofungua karakana yangu niliapa kwamba mimi kumshikia mtu taa basi tena, na kwamba hakuna atakayeingia mlangoni mwangu kunionyesha kazi.

Sasa lile tanki lililo kando ya ua, ambalo ulikuwa ukilipanda ulipokuwa mdogo nami nakufukuza. Hujawahi kuniuliza kwa nini siliuzi. Nadhani ulifikiri ni ukumbusho. Ni tanki la kwanza nililotengeneza kwa jina langu, la mteja wa kwanza, mkulima wa Mvumi, jirani ya kina bibi yako. Kipenyo mita moja na ishirini, kimo mita moja na themanini, lita elfu mbili na thelathini na tano. Niling'arisha mpaka ukajiona uso. Mteja akaja, akalizunguka, akasema, "Zuri sana, mama. Sasa mchuzi safi nautolea wapi?"

Nilikuwa nimeweka tundu moja tu la kutolea, la chini kabisa kwenye faneli. La mashapo. Tundu la pili, la ubavuni, la kutolea mchuzi uliokwisha kutulia juu ya mashapo, nilikuwa nimelisahau. Miaka mitano nimeyashika matanki kwa ndani, halafu la kwangu nikalisahau.

Nikakata tundu kwenye tanki lililokamilika. Kabla sijachomelea mdomo wa koki nikapiga hesabu. Unajua stenlesi inavyotaka: mbele unaichomelea kwa gesi ya agoni ili hewa isiuguse moto, lakini hata nyuma ya bati inatakiwa kuwe na agoni, la sivyo upande wa ndani unaungua na kujaa ukoko mweusi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: tanki ni lita elfu mbili na kitu, ili hewa itoke kabisa lazima nilisukumie agoni mara tano, hiyo ni lita elfu kumi, mtungi mzima na zaidi. Mimi nilikuwa na robo ya mtungi. Nikasema haiwezekani. Nikachomelea hivyohivyo bila gesi ya nyuma.

Kwa nje mshono ulikaa kama mkufu wa sonara. Mteja alinishukuru kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na ukoko kama wa sufuria ya wali iliyosahaulika jikoni, na sikutazama, kwa sababu mbele palipendeza. Mchuzi ukakaa, ukala ule ukoko, ukaingia kutu, ukageuka. Yule mzee alilirudisha tanki kwa lori, akafungua koki mbele yangu, akaumwaga mchuzi wote hapa uwanjani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Onja, mama." Nikaonja.

Jioni ile nikachukua rangi nyekundu nikaandika ukutani maneno ambayo umeyasoma utoto wako wote: KAZI ILIYOKWISHA HAIGUSWI. Tangu hapo, anayetaka badiliko kwenye tanki lililokamilika namwambia nitamtengenezea jingine kuanzia bati tupu. Wengine walikubali. Wengi waliondoka, tena kwa fundi mwingine. Nilijivunia hata walioondoka.

Na sheria ile sikuiacha karakanani, niliibeba mpaka nyumbani. Ulipotaka kuacha ualimu wa sayansi mwaka wa pili ukahamie kemia yenyewe, unakumbuka nilichokujibu? Nilikujibu ukuta. Neno kwa neno. Ulihama bila idhini yangu, nami nikakaa muhula mzima nasema "huyo mwalimu" nikikutaja kwa watu, kana kwamba hujahama.

Halafu ikaja siku ya kutetea tasnifu yako chuoni. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, na kitenge changu kipya, sielewi neno moja kati ya matano. Yule mhadhiri mwenye miwani akasimama akauliza, na hilo nilielewa: kwa nini unahangaika kubadilisha kitu kilichokwisha kutengenezwa, kwa nini usikitengeneze upya tangu mwanzo jinsi unavyokitaka? Nikasema moyoni, huyu ni wa kwangu. Huyu kasoma ukuta wangu.

Ukamjibu, hata hukupepesa. Ukasema kutengeneza upya ni hatua sita, na kila hatua, ukifanya vizuri, inakubakizia asilimia themanini ya ulichonacho. Kabla hujamaliza nilikuwa nimeshafika: themanini, sitini na nne, hamsini na moja, arobaini na moja, thelathini na tatu, ishirini na sita. Robo! Robo tatu ya jasho inamwagwa. Na wewe njia yako ni hatua moja. Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Jioni tukamenya karanga uani, nikakuuliza hicho kitu hasa ni nini. Nataka nikuandikie nilivyokielewa, ili ujue nilikuwa nasikiliza, ingawa mikono ilikuwa kwenye karanga.

Ulisema, "Mama, fosfini ni kama mtu aliyebeba mizigo mitatu mgongoni, halafu amebaki na mkono mmoja mtupu. Mkono ule unashika metali. Metali ndiyo inafanya kazi, inaunganisha vipande vya dawa, vya rangi, vya vitu vingi. Lakini bila wa kuishika, metali inahangaika tu, inajikusanya inakuwa masizi."

Nikauliza, "Na jina anapewa nani?"

"Metali. Watu wanasema paladiamu imefanya, rodiamu imefanya."

"Kumbe Baba Joshua yumo mpaka kwenye chupa zenu."

Ulicheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha ukaniambia kwamba ukibadilisha huyo anayeshika, hata kidogo, metali inafanya kazi nyingine kabisa, kwa haraka, kwa utulivu. Ndiyo maana watu wanataka fosfini za kila namna. Na ujanja wenu ni huu: mnampa fosfini rodiamu aishike kama kawaida yake, na rodiamu ikishashikwa, inaikuta kaboni iliyo jirani, kwenye mzigo wa fosfini yenyewe, yenye haidrojeni yake, inafungua kile kifungo cha kaboni na haidrojeni, inaweka pale kipande kipya.

"Kwa hiyo," nikasema, "aliyeshikwa anamgeuka aliyemshika."

"Hamgeuki, mama. Anamwongezea."

"Bila kumuuliza."

"Mama jamani!"

"Nauliza tu. Na hiyo haidrojeni ilikuwa inafanya nini pale?"

"Hakuna. Imekaa tu. Ndiyo ugumu wenyewe. Kaboni na haidrojeni zimejaa kila upande na zote zinafanana, zote zimetulia. Kazi ni kuifanya metali ifungue hiki na isifungue kile."

"Inajuaje?"

"Haijui. Inafikia pa karibu tu. Ule mkono ndio umeiweka pale."

Nikakuuliza tena, kazi ikiisha rodiamu inakwenda wapi. Ukasema lazima iachiwe, iende kwa fosfini nyingine, kwa sababu mnayo kidogo sana. Isipoachiwa shughuli nzima inasimama. "Na hilo ndilo linanisumbua, mama. Fosfini yangu mpya inashika kwa nguvu kuliko ya mwanzo. Haiachii."

Nikasema, "Umeifanya nzuri mpaka imekuwa choyo."

Ukasema hilo ndilo unalokwenda kulifanyia kazi huko Ulaya, miaka minne. Ukaongeza kwamba fosfini zenu zinaogopa hewa. Hewa ikiingia, ule mkono mtupu unakamata oksijeni na hauachii milele, kwa hiyo mnafanyia ndani ya agoni. Nikaacha kumenya. "Agoni? Hii ya kwangu?" Ukasema, "Hiyohiyo, mama." Sikukuambia, lakini siku ile nililala vizuri.

Haya. Sasa Jumamosi.

Nilikuwa nimekwenda Mvumi kumpeleka bibi yako hospitali macho yake yatazamwe. Huku nyuma wakaja wale wakulima wa zabibu, tanki lao limekamilika, tayari kupakiwa, mwenyekiti wao anataka tundu la ubavuni liongezwe. Lilelile. Fundi wangu Yohana angewajibu kwa ukuta kama nilivyomfundisha, lakini ulikuwepo wewe. Niliporudi nikashuka kwenye bodaboda, nikaliona tundu kabla sijalipa.

Nikasema, "Nani kakata hapa?"

Yohana akatazama viatu vyake. "Mama, sisi tuliona kama limejikata lenyewe."

Mafundi wakacheka. Wewe ukatoka nyuma ya tanki, umevaa ovaroli langu, masizi mpaka masikioni. "Ni mimi, mama. Shikamoo. Njoo utazame nyuma yake."

"Sitazami nyuma ya kitu ambacho hakikutakiwa kuwa na mbele."

"Nimeweka gesi ya nyuma."

"Gesi ya lita elfu kumi? Umeitoa wapi? Umenimalizia mtungi?"

"Mama, mbona hatuhitaji tanki zima? Tunahitaji nyuma ya tundu tu." Ukanionyesha kopo la mafuta ya kupikia, umelikata, umelibandika kwa tepu upande wa ndani likafunika tundu, ukaingiza mpira wa gesi. Kopo la lita tatu. Tatu mara tano, kumi na tano.

Pale ndipo niliposema lile neno. Nataka ujue ni pale hasa, si mapema. Sikuwa nimekasirika kwa tundu. Nilikasirika niliposikia kumi na tano. Miaka ishirini nimebeba lita elfu kumi kichwani, nimefukuza wateja kwa ajili yake, nimeandika ukutani kwa ajili yake, nimekunyima wewe idhini kwa ajili yake, na hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Nilizidisha sawasawa. Nilichokipima ndicho hakikuwa chenyewe. Nilipima tanki; nilitakiwa kupima nyuma ya tundu.

Na badala ya kusema hivyo nikakuambia usirudi kunifundisha kazi yangu. Ukavua ovaroli, ukalikunja, ukaliweka juu ya meza. Hukulitupa. Ungelitupa ningepumua. Yohana alikusindikiza mpaka getini, aliporudi akasema bila kunitazama, "Mama, umemchomelea mtoto bila gesi ya nyuma." Nikamwambia akafagie.

Tanki lile nililijaza maji jioni ileile. Sikumwambia mtu. Jumatatu nikapitisha kiganja chini ya mshono: pakavu. Jumanne pakavu. Jumatano wenye tanki wakaja na lori, nikawaambia bado nalipima, mwenyekiti akaniuliza napima nini ambacho hakijapimika, nikamwambia arudi Jumatatu. Jana nikamwaga maji, nikaingiza kioo na taa nitazame kwa ndani. Mshono una rangi ya bua la uwele lililokauka, ile rangi ya majani ya dhahabu ambayo Baba Joshua mwenyewe alikuwa akiipata kwa kubahatisha. Ukoko hakuna, hata wa dawa. Nilisimama pale na kioo muda mrefu mno, maana Yohana alisema kwa sauti kwa wenzake, "Mama ameona," na hakuna aliyecheka safari hii.

Nikuambie nililojifunza, na nitasema mara moja tu. Kuharibikiwa nilijua. Kutoka kwenye hasara nikatoka na somo, nikalishika kwa nguvu, nikawa naonyesha watu jinsi nilivyo na somo. Lakini halikuwa somo lenyewe. Tanki lile lilinifundisha: usichomelee bila gesi ya nyuma. Mimi nikasikia: usiguse kilichokamilika. Maneno mawili tofauti kabisa, na lile la uongo lilikuwa limenigharimu uchungu uleule wa lile la kweli, kwa hiyo sikulishuku. Utaharibu vitu huko. Chupa zitaingia hewa. Ukiharibu, kabla hujaandika ukutani, kaa chini uulize ni nini hasa kimeharibika, na ni sehemu gani, na kubwa kiasi gani. Kisha ndio uandike, tena kwa chaki.

La pili nalitoa kwenye kinyongo changu, chukua kinachofaa. Utakwenda kwa wenye maabara zao. Utashika taa. Siku utakayotoa wazo lako, lile la kwako kweli, liseme siku hiyohiyo, kwa mdomo, watu zaidi ya mmoja wakiwepo. Usingoje uonwe. Mimi nilingoja nionwe, nikaona kibati. Lakini usifanye kama nilivyofanya baada ya hapo. Mimi kwa sababu ya mtu mmoja niliapa sitamshikia mtu taa tena, na matokeo yake nimewafundisha mafundi saba kazi, na hakuna hata mmoja niliyeingia naye ndani ya tanki kumwangazia. Nilikuwa nasimama nje, napaza sauti. Wewe ulijifunza kuchomelea kwangu namna hiyohiyo niliyojifunza kwa Baba Joshua: kwa vipande vilivyotupwa, wakati wenzako wanakula. Nilikuwa nakuona. Nilijifanya sioni, nikidhani nakukomaza.

Sina mengine ya kufundisha. Ualimu ulikuwa wako, ukaukataa.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mafundi walipoondoka nilikwenda kando ya ua kwa lile tanki la kwanza. Nikalifagia vumbi. Nikachukua grenda, nikakata koki ile mbovu na bati lililoizunguka, ukoko wake wote, kikatoka kipande mviringo kama sahani. Nimekiweka mezani, ukitaka utakiona. Cheusi upande mmoja, mkufu upande wa pili. Nikakata bati jipya la kuziba, nikaweka mdomo mpya wa koki. Nikachukua kopo la mafuta, nikalikata, nikalishusha kwa ufito mrefu kupitia tundu la juu la kuingilia, nikalibandika kwa tepu nyuma yake, nikaingiza mpira. Nikangoja lita kumi na tano zipite. Nilihesabu kwa sauti, mara mbili, usiwaambie kina Yohana. Kisha nikachomelea. Kazi iliyokwisha, miaka ishirini, nimeigusa.

Mbele pamependeza. Hilo halinidanganyi tena.

Nyuma sijapaona. Mimi mabega yangu hayapiti tena kwenye lile tundu la juu, yako yanapita. Najua kioo ninacho. Najua hata simu ingeingia ikapiga picha. Sitaki kioo na sitaki picha. Treni yako ni ya saa nne. Karakana iko njiani, na nimeshamwambia mlinzi afungue geti alfajiri. Begi lako litakaa kwenye bajaji, shangazi yako atalilinda na atalalamika, mwache alalamike.

Ovaroli nimelifua, liko pale ulipoliweka. Njoo uingie, ubandue kopo, utazame, kisha uniambie. Kama ni rangi ya bua, sema. Kama kuna ukoko, sema kuna ukoko, na uniambie nimekosea wapi. Usinihurumie kwa sababu unaondoka. Neno lile la Jumamosi nalirudisha lote. Rudi unifundishe, kesho, na baada ya miaka minne, na likizo zote zilizo katikati. Ukuta nitaupaka rangi nyeupe Jumatatu.

Humo ndani ni giza, unapajua. Wewe ingia utazame. Mimi nitakushikia taa.

Mama yako